Likizo ya Kupitia Vienna

Mwezi wa Aprili Vincent alikuwa na likizo mkononi, likizo nzima, na akairudisha kwa mwenyewe. Usiniulize mtu mwenye akili timamu hufanyaje jambo kama hilo. Riyadh imejaa madereva wanaoiota likizo hadi wanaitaja usingizini, na huyu wetu, alipoambiwa na bosi, “Yalla, Vincent, nenda ukamwone mtoto,” badala ya kukimbilia begi alijikuna kisogo akasema, “Baba, acha tu kwanza. Nitangoja twende wote Ulaya, halafu nikitoka huko nipitilize nyumbani.”

Apitilize nyumbani! Kama vile Vienna iko njiani kwenda kwao Butula, Kenya.

Mtoto mwenyewe aliitwa Shirleen. Alizaliwa Vincent akiwa ameshaondoka, na sasa alikuwa anatembea na kuvunja vikombe. Baba yake alimjua kama simu. Ukimwonyesha simu yoyote, hata iliyozimwa, hata ya jirani, anaibusu na kusema, “Baba.” Winfred, mama yake, alilisimulia jambo hilo mara ya kwanza akicheka. Mara ya pili hakucheka.

“Kwa hiyo likizo ulikuwa umepewa?” Winfred aliuliza siku alipoambiwa habari za Ulaya.

“Nilipewa, lakini sikiza…”

“Ukaikataa.”

“Sijaikataa, Mama Shirleen. Nimeisogeza tu. Nitakuja kupitia Vienna.”

“Kupitia Vienna kama askofu.”

“We fikiria, nikishuka pale Nairobi na ndege ya kutoka Ulaya…”

“Shirleen atajua umetoka Ulaya? Yeye anajua umetoka kwa chaja.”

Sasa hii Ulaya ilitoka wapi? Ilitoka kwenye sukari. Bosi wa Vincent, Abu Fahad, alikuwa mtu wa mwili mkubwa na moyo usio mbaya, mwenye ofisi mtaa wa Olaya na kiti cha nyuma cha gari ambacho kilikuwa kimeshachukua umbo lake. Daktari akampima sukari, akamwonya. Bosi akatoka hospitali moja kwa moja hadi duka la baiskeli, akanunua baiskeli nyepesi kiasi kwamba ungeiinua kwa kidole kimoja. Shida ni kwamba aliyepaswa kuipanda ndiye hakuwa mwepesi wa kuinulika.

Wenzake wa ofisini walipoiona, nao wakanunua. Wakakubaliana waende kwa baiskeli wakifuata Mto Danubi, kutoka mji wa Passau huko Ujerumani hadi Vienna, wiki nzima, kila jioni hoteli mpya. Njia ni tambarare, walisema, hata watoto huipita na nyanya zao. Kisha wakaanza kupukutika. Wa kwanza goti lilimuuma. Wa pili mkewe alimuuliza swali moja tu na safari ikaisha. Wa tatu hakutoa sababu yoyote, aliacha tu kupokea simu.

Ndipo siku moja, wakiwa wamekwama kwenye foleni ya magari, bosi akainua macho na kumtazama Vincent kupitia kioo cha ndani.

“Vincent. Unajua baiskeli?”

Ngoja nikwambie. Kabla ya Riyadh, Vincent alikuwa bodaboda, na si ya pikipiki, ile ya baiskeli yenyewe, yenye kiti cha sponji kwenye karia na vishada vya nailoni kwenye mipini. Alibeba mama wajawazito. Alibeba magunia ya mihogo. Mara moja alibeba kitanda pamoja na mwenye kitanda, akiwa amekikalia ili kisianguke.

“Baba,” akasema, “mimi nimezaliwa juu ya baiskeli.”

Mambo yakaiva pale pale kwenye foleni. Vincent atakuwa mwenzake wa safari. Bosi atanunua baiskeli ya pili. Na kwa kuwa safari itaangukia karibu na likizo, wakifika Vienna bosi atarudi Riyadh na Vincent atakatiwa tiketi ya kwenda Nairobi. Halas. Mambo yalionekana mazuri hivi kwamba Vincent alipopewa likizo ya Aprili, akaiona kama viazi vilivyopoa wakati biryani inakuja.

Rafiki yake Hezron, bawabu wa jengo moja la vioo huko Olaya, alicheka hadi akashika ukuta.

“Buda, umetoka Butula ukikimbia pedali, ukavuka bahari, ukapewa gari lenye AC, na sasa unaenda Ulaya kupiga pedali?”

“Ni utalii, Hezron. Wazungu wanaita utalii.”

“Wazungu wana makalio yao. Wewe ya kwako yameshazoea kiti cha ngozi.”

Kumbe Hezron, kwa mzaha wake, alikuwa ameshika kidonda chenyewe. Maana mazoezi yalipoanza, Vincent hakugusa baiskeli. Kila Jumamosi alfajiri walikwenda Wadi Hanifa, ambako kuna njia nzuri na mitende. Vincent alishusha baiskeli zote mbili kutoka kwenye gari, akazijaza upepo, akazipangusa. Bosi akapanda ya kwake, amevaa ile suruali ya kubana yenye godoro nyuma. Na Vincent? Vincent aliingia tena ndani ya gari, akawasha taa za dharura, akamfuata nyuma mwendo wa kobe, maji baridi na tende vikiwa kiti cha mbele.

“Baba, na mimi nitafanya mazoezi lini?”

“Ukipanda baiskeli, gari ataendesha nani?”

Ungejibu nini hapo? Wadi nzima ilimwona bosi akihema na gari kubwa jeusi likimnyemelea kwa nyuma kama linasubiri aanguke limchukue. Na kweli lilimchukua. Kila mara, kabla jua halijawa kali, bosi aliinua mkono, Vincent akashuka, akapakia baiskeli iliyoloa jasho pamoja na ile ya pili iliyokuwa kavu kama ilivyotoka dukani, wakarudi nyumbani. Baiskeli ya Vincent ilitembezwa sana mwaka ule. Ilichokosa ni kuendeshwa.

Kwa hiyo Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alienda mtaa wa Batha akaazima baiskeli ya muuza mboga mmoja aliyezoeana naye, akawa anazunguka nayo nyuma ya maduka huku makreti matupu yakigonga gonga kwenye karia. Hezron alimpiga picha akaituma kwa kila mtu waliyemjua: “Bingwa wa Danubi akipasha misuli.” Picha ikafika Butula. Winfred akairudisha kwa Vincent bila neno hata moja. Mke akikurudishia picha bila neno, hiyo ni hotuba ndefu.

Alhamisi jioni ndiyo ilikuwa ya kupanga safari. Bosi alikaa chini kwenye zulia la majlisi, sebule yake ya wageni, kompyuta mbele yake, kahawa na tende pembeni, Vincent mlangoni na ramani kwenye simu. Na kila Alhamisi safari ilianza upya. Bosi alitaka hoteli zenye bomba la maji chooni. Ulaya mafi bomba, yaani hakuna, Vincent alikuwa ameshasoma, lakini bosi hakukubali kwamba bara zima linaweza kuishi hivyo. Wiki iliyofuata alitaka mabegi yatangulizwe kwa gari. Iliyofuata, asitake, kwa kuwa mtu aliyetanguliza mabegi hajasafiri. Mto wenyewe una njia pande zote mbili, na juu ya hilo walipoteza wiki tatu: waende upande wa kushoto wenye kivuli au wa kulia wenye mikahawa?

“Baba, kuna vivuko vidogo vya kuvusha baiskeli. Tukichoka upande mmoja tunavuka.”

“Na kivuko kikifungwa?”

“Tunatafuta daraja.”

“Na daraja likiwa mbali?”

“Baba, tukifika tutajua!”

“Mtu hapangi hivyo, Vincent.”

Tarehe nayo ikasogea. Kwanza Mei. Halafu baada ya Idi. Halafu Julai, madam, mke wa bosi, akikubali. Kila iliposogea, Vincent alimpigia Winfred, na kila alipompigia, Winfred aliongea kwa upole zaidi, jambo lililomtisha kuliko kelele.

“Hakuna neno,” alisema. “Shirleen hana haraka. Hakujui.”

Likaja suala la viza. Riyadh nafasi zote za miadi zilikuwa zimejaa. Jeddah ikapatikana moja ya watu wawili. Bosi akapanda ndege. Vincent akaendesha gari toka Riyadh hadi Jeddah peke yake, jangwa kushoto, jangwa kulia, na baiskeli mbili mgongoni mwa gari, kwa kuwa bosi alitaka baadaye apige pedali kidogo kando ya bahari, apate hewa.

Alilala mtaa wa Ghulail, huko Jeddah, kwa binamu yake Truphena, aliyekuwa na kibanda cha chapati na chai katika kichochoro ambacho gari la bosi lisingeingia hata likiombewa. Truphena alikuwa ameishi Saudia miaka mingi na alikuwa na jibu la kila ofisi.

“Ukiulizwa unaenda kufanya nini,” alimfundisha huku akisukuma chapati, “sema unaenda kumtumikia bosi. Usiongeze, usipunguze. Mtu ambaye ikama yake, kibali chake cha kuishi hapa, imeandikwa dereva haendi Ulaya kustarehe. Ukisema utalii, watajua unataka kutoroka.”

“Lakini kweli naenda utalii.”

“Ukweli utaupeleka kanisani. Pale dirishani sema kumtumikia bosi.”

Na hilo ndilo kila Mkenya wa nyumba za watu angemwambia. Wasichana waliosafiri na madam zao kwenda London walisema hivyo. Madereva waliopelekwa Uturuki walisema hivyo. Ni kama namba ya siri ya benki, umeishika na huiwazii. Vincent aliirudia njia nzima akienda kumchukua bosi hotelini.

Ila huko hotelini bosi naye alikuwa amewaza usiku kucha, kivyake, na alikuwa ameamua kuwa mtu mwema. Hakumwambia Vincent. Walifika ofisi ya viza, wakaitwa madirisha tofauti. Mwanamke mwenye miwani akamwuliza Vincent kwa Kiingereza sababu ya safari.

“Kumtumikia bosi wangu.”

“Kumtumikia vipi?”

“Mimi ni dereva wake. Namwendesha.”

“Gari gani?”

“Hakuna gari.”

“Utaendesha nini?”

“Baiskeli.”

Yule mwanamke aliandika kitu. “Bosi wako atakuwa wapi wakati unaendesha baiskeli?”

“Kwenye baiskeli.”

“Hiyo hiyo?”

Vincent akaona picha ya Abu Fahad amekaa kwenye karia, akashikwa na kicheko, akakikohoa. Kukohoa hakukusaidia.

Walipokutana nje kwenye kivuli, bosi alikuwa anang'aa. Akampiga begani.

“Vincent, nimewaambia wewe si mfanyakazi. Nimesema huyu ni rafiki yangu, tunatembea pamoja, hana kazi yoyote ya kunifanyia.”

Ilikuwa mara ya kwanza Abu Fahad kumwita rafiki. Vincent alihisi joto kifuani. Halafu joto likageuka barafu.

“Baba, umesema hivyo kweli?”

“Wallahi.”

“Mimi nimesema naenda kukutumikia.”

Jeddah ilikuwa na unyevu wa kuloanisha hata mawazo. Bosi akavua miwani yake iliyopata ukungu, akaifuta, akaivaa, ikapata ukungu tena.

“Kwa nini umesema hivyo?”

“Kwa nini hukuniambia utasema hivyo?”

Pasipoti zilirudi baada ya wiki kadhaa. Ya bosi ilikuwa na viza. Ya Vincent ilikuwa na karatasi iliyosema, kwa adabu nyingi, kwamba sababu ya safari yake haikueleweka. Hata yeye hakuweza kubishana na hilo.

Alipokea kwa uchungu, lakini moyoni akapata nafuu moja. Ulaya imekufa, sawa. Likizo iko hai. Jioni ile akasimama mlangoni pa majlisi.

“Baba, basi mimi niende nyumbani tu. Niandikie ile ruhusa ya kutoka na kurudi.” Bila ruhusa hiyo ya mwajiri, mfanyakazi wa Saudia hapiti uwanja wa ndege.

Bosi alikuwa anakunja soksi za kuendeshea baiskeli. “Sasa? Mimi nikiwa Ulaya, madam ataendeshwa na nani?”

“Madam ana leseni, baba.”

Na kweli alikuwa nayo, ameitunza vizuri kwenye mkoba. Bosi alimtazama Vincent kama amependekeza madam apande ngamia.

“Nikirudi, inshallah.”

“Ukirudi shule zinafunguliwa. Watoto wataendeshwa na nani?”

“Inshallah, Vincent.”

Wewe ambaye hujakaa Saudia utadhani hilo ni neno la ndiyo. Vincent aliingia chumbani kwake kando ya geti, akakaa kitandani, akatazama ile baiskeli ya pili iliyokuwa imeegeshwa pale kwa kukosa pa kuwekwa. Akaipiga teke. Baiskeli ghali kweli, haikutikisika. Kidole ndicho kilichovimba.

Bosi akaenda Ulaya peke yake. Madam na watoto wakahamia kwa mama yake madam, Jeddah, na Vincent akawafuata na gari. Asubuhi ya kwanza ya safari simu ikalia.

“Vincent! Kushoto au kulia?”

“Baba, uko wapi?”

“Mbele ya mto.”

Miaka yote hiyo Abu Fahad alikuwa amekaa kiti cha nyuma akisoma meseji. Dunia kwake ilikuwa mahali unapoingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine, na katikati kuna kisogo cha Vincent. Ramani alikuwa nayo kwenye simu, lakini kuisoma huku unapiga pedali hakuwa amewahi kujaribu, maana Wadi Hanifa ina kwenda na kurudi tu. Akamtumia Vincent lokesheni yake, ile inayotembea, akaweka spika za masikioni. Na tangu siku hiyo Vincent akawa anaendesha watu wawili: madam mjini Jeddah na bosi kando ya Danubi.

“Nyoosha, baba. Nyoosha. Hapo kanisani shika kulia. Kulia!”

“Kwa nini tumeingia kulia?” madam akauliza kutoka nyuma. “Kwa mama ni kushoto.”

Walifika kwa fundi wa nguo badala ya kwa mama. Siku nyingine walifika kituo cha mafuta, tangi likiwa limejaa.

Na bosi hakutaka njia tu. Alitaka kulalamika, na mtu wa kumlalamikia alikuwa amebaki Saudia. Kahawa ni nyeusi na chungu. Wali hakuna. Bomba chooni hakuna, kama Vincent alivyosema, na alisema kwa sauti ya lawama kama Vincent ndiye aliyelikata. Vikongwe vinampita vikipiga kengele. Mchana aliwasha video amwonyeshe, na Vincent, ameegesha gari nje ya jumba la maduka, kipima joto cha gari kimepanda hadi anaona haya kukitazama, aliona miti ya tufaha, ng'ombe wanono, mabata maji meupe, makasri juu ya vilima, na ile njia yenyewe, laini, tupu, ikifuata maji kana kwamba ilitandikwa kwa ajili yake. Miguu yake ilisogea juu ya pedali za gari. Aliitaka njia ile mpaka meno yakamuuma.

“Nzuri, eh?” bosi aliuliza.

“Nzuri, baba.”

“Mgongo unaniua.”

Jioni ya siku ya nne Vincent alikuwa huru. Madam alikuwa na wageni. Akaenda Ghulail, akakaa kwenye kreti kwa Truphena, na akampigia Winfred. Winfred alimwambia kwamba Shirleen alianguka akakatika kidevu, wakamshona, na kule zahanati alikuwa analia, “Baba, baba,” muuguzi akauliza baba yuko wapi aje amshike.

“Ukasema nini?”

“Nilimpa simu ya muuguzi. Akanyamaza.”

Vincent alikuwa bado ameshika simu alipoona bosi anapiga kwa video. Akapokea. Kioo kilikuwa cha kijivu, mvua tupu, na katikati yake uso wa Abu Fahad ndani ya kofia ya koti, pua nyekundu.

“Vincent. Hoteli iko ng'ambo.”

“Ng'ambo vipi, baba?”

Bosi akageuza simu. Mto mpana, na upande wa pili nyumba ya manjano yenye taa zimewashwa, meza zimeandaliwa nyuma ya madirisha. Upande huu palikuwa na gati dogo, kivuko kimefungwa mnyororo, na mtu wa kivuko hayupo.

Vincent akakumbuka. Asubuhi, kwenye mzunguko wa barabara ambao watu wote wa Jeddah walikuwa wanaingia kwa pamoja wakipiga honi, bosi alikuwa ameuliza avuke daraja au asivuke. Vincent akasema, “Vuka, vuka, baba!” kwa kuwa lori la maji lilikuwa linamjia ubavuni. Bosi hakupaswa kuvuka.

“Daraja la karibu liko wapi? Nina baridi. Simu inaisha chaji. Kushoto au kulia?”

Vincent akatazama ramani. Daraja lilikuwa kushoto, karibu tu. Akafungua mdomo. Truphena, mikono imejaa unga, akamkanyaga mguu.

“Likizo,” akanong'ona. “Sasa hivi. Mwambie likizo!”

Vincent akatikisa kichwa. Bosi yuko kwenye mvua. Si vizuri. Akafungua mdomo tena aseme kushoto, na kilichotoka si hicho.

“Baba, niandikie ruhusa ya kwenda nyumbani.”

“Nini? Husikiki. Daraja!”

“Ruhusa ya kutoka na kurudi. Ifungue kwenye simu yako, ni dakika moja. Kisha nitakwambia daraja.”

Bosi akafuta maji usoni kwa mkono.

“Unafanya biashara na mimi kwenye mvua, Vincent?”

“Nimeomba kwenye jua, baba. Ukasema inshallah. Mtoto wangu ameshonwa kidevu leo. Alipewa simu ya mtu mwingine aikumbatie. Mimi niko hapa nakwambia kushoto, kulia, kushoto, kulia. Niko Vienna gani mimi? Niko wapi?”

“Mtoto ameumia? Hukuniambia.”

“Ulinipigia kuniambia kahawa ni chungu.”

Truphena akaziba mdomo kwa mkono, akajipaka unga hadi puani.

“Na madam?” bosi alisema. “Madam ataniua.”

“Madam yuko Jeddah, baba. Wewe uko Ulaya. Una nafasi.”

Abu Fahad hakucheka. Aliinamisha uso, na kwenye kioo Vincent aliona kidole kinene chenye maji kikigonga, kikikosea, kikifuta, kikigonga tena. Alinong'ona jambo, dua au laana. Halafu simu ya Vincent ikatoa mlio mfupi. Meseji ya serikali. Jina lake, kutoka na kurudi, siku sitini. Aliisoma, akaisoma tena kwa kuwa macho yalikuwa na ukungu.

“Imefika?”

“Imefika, baba. Asante. Mungu akubariki.”

“Mwache Mungu. Daraja.”

“Kushoto. Ukitazama mto, ni kushoto. Si mbali.”

Picha haikusogea. Mtu huyu alikuwa amezunguka Riyadh yote akitegemea kisogo kile, na tangu Passau alikuwa akigeuka katika nchi ya watu kwa kuwa Vincent amesema geuka, na hajawahi hata siku moja kuuliza mara mbili. Sasa alisimama pale, maji yakimtiririka kwenye nyusi, akiitazama simu kama mtu anayetazama noti aliyorudishiwa sokoni.

“Kushoto kweli?”

“Kweli, baba.”

“Apa.”

“Naapa kwa mtoto wangu.”

Bosi akatazama kushoto. Akatazama kulia. Mwanamke mmoja mzee alikuwa anapita na mbwa chini ya mwavuli, na Abu Fahad, ambaye siku zote hizo hakuwa amemsemesha mtu yeyote kule isipokuwa wa hoteli, akamsimamisha, akamwuliza kwa Kiingereza chake cha ofisini. Mwanamke akanyoosha mkono. Kushoto.

Hapo ndipo bosi akapanda baiskeli. Hakuaga. Aliitumbukiza simu mfukoni bila kuikata, na Vincent akabaki na kioo cheusi na sauti tu: mvua, mnyororo, na mtu mzito akihema, akienda njia sahihi bila kuambiwa lolote. Kisha chaji ikaisha, au akaizima.

“Umeshinda!” Truphena akapiga makofi, unga ukaruka. “Siku sitini! Mpigie Winfred basi. Mbona umekunja uso?”

“Chapati inaungua,” Vincent akasema.

Na ilikuwa inaungua kweli.